Makumbusho ya Uzazi: Kipi Kionyeshwe na Kipi Kisitiriwe?

Iko kazi moja iliyoanza Marekani mwaka 2021 ambayo sisi watu wa pwani hatuna budi kuitupia jicho, ingawa wengi wetu tukiisikia kwa mara ya kwanza tutasema, "Astaghfirullahi, na hilo nalo limekuwa jambo la kuonyeshwa watu?" Kazi yenyewe ni maonyesho ya makumbusho juu ya mimba na uzazi. Yalipewa jina la Designing Motherhood, na shabaha yake ni kuonyesha jinsi vyombo, nguo na nyenzo za uzazi zilivyobuniwa, nani alizibuni, zilimfaa nani na zilimdhuru nani. Yalifunguliwa katika mji wa Philadelphia, kwenye makumbusho ya utabibu ya Mütter, kisha yakaenda Boston na Seattle, na mwaka 2025 yakafika New York katika jumba la Museum of Arts and Design. Walioyaanzisha ni wanawake wawili, Michelle Millar Fisher na Amber Winick, ambao pia wametoa kitabu kikubwa chenye jina hilo hilo.

Siandiki haya ili kuwasifu Wamarekani, wala kuwalaumu. Naandika kwa sababu swali walilolitia mbele ya watu ni swali letu pia. Kila mwanadamu aliye juu ya ardhi amezaliwa na mwanamke, na kila kabila limelitengenezea jambo hilo vyombo vyake, nguo zake, dawa zake, vyakula vyake na maneno yake. Iweje basi jambo hilo likose hata kabati moja la kioo katika majumba yetu ya makumbusho? Na likiwa litawekwa, litawekwa vipi bila kumvunjia heshima mwenye kuzaa?

Msomaji aliyewahi kuingia Ngome ya Yesu hapa Mombasa ameona mizinga, vyombo vya kauri, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari katika merikebu ya Kireno, Santo Antonio de Tanna, iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Aliyekwenda Lamu ameona siwa, milango ya nakshi na mifano ya majahazi. Vyote ni vyema na ni urithi wetu. Lakini vihesabu kimoja kimoja, utaona kwamba sehemu kubwa ni mambo ya vita, safari na biashara, yaani mambo yaliyofanyika nje ya nyumba. Yale yaliyofanyika katika chumba cha ndani, ambamo mabibi zetu walijifungua na ambamo historia yote hiyo ya mizinga na majahazi ilipata watu wake, hayana pake.

Wala si sisi peke yetu. Wale mabibi wawili wameeleza kwamba walibisha milango ya majumba kadhaa ya makumbusho huko kwao wasipokewe. Yaani hata katika nchi ambayo twadhani haioni haya kwa lolote, uzazi ulionekana ni jambo dogo, la chumbani, lisilofaa kuwekwa pamoja na sanaa kubwa kubwa. Basi tusidhani kimya chetu chote kimetokana na dini. Pengine kimetokana na mazoea tu ya wanaume wenye kushika funguo za makumbusho.

VITU VITATU NA MAFUNZO YAKE

Uzuri wa maonyesho ya aina hii ni kwamba hayaanzi kwa hotuba, huanza kwa kitu. Na mimi nitataja vitatu.

Cha kwanza ni kipimo cha mimba. Siku hizi msichana aweza kukinunua katika duka la dawa kama anavyonunua sabuni. Lakini katika miaka ya 1930 kujua mimba kwa uhakika kulihitaji maabara na mnyama. Sungura alidungwa mkojo wa mwanamke kisha akauawa ili atazamwe ndani. Baadaye mtaalamu Lancelot Hogben, aliyekuwa akifundisha Cape Town, alitambua njia nyingine: chura jike wa Afrika Kusini akidungwa sindano ya namna hiyo, na mwanamke akiwa ni mja mzito, hutaga mayai kabla siku haijaisha. Basi vyura wa Afrika wakapakiwa na kupelekwa katika maabara za Ulaya na Marekani, wakawa ndio wapiga ramli wa madaktari kwa miaka mingi. Mwaka 1967 mchoraji mmoja, Margaret Crane, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya madawa ya Organon huko New Jersey, aliona safu za vichupa vya kupimia mimba katika maabara akawaza: mbona mwanamke asijipimie mwenyewe nyumbani? Akatengeneza kijisanduku cha plastiki kwa mikono yake. Wakuu wa kampuni walisita, kwani waliona habari hiyo ni ya daktari. Kipimo kilianza kuuzwa Canada mwaka 1971, na Marekani mwaka 1977. Mwenyewe alitia saini kuiuza haki ya ubunifu wake kwa dola moja, na amesema hata hiyo dola hakuipata. Mwaka 2015 kijisanduku kile kilinunuliwa na makumbusho ya taifa ya Smithsonian. Funzo lake ni wazi: ni nani mwenye haki ya kuujua mwili wa mwanamke kwanza, yeye au wengine?

Cha pili ni pampu ya kukamulia maziwa ya mama. Zilizotangulia zilikuwa zikiumiza. Mhandisi wa Kiswidi, Einar Egnell, alikaa na muuguzi mmoja, Maja Kindberg, akamsikiliza na kupima tena na tena, hata mwaka 1956 ikatoka pampu ambayo herufi zake za mwanzo zabeba jina la muuguzi huyo. Hapa funzo ni jingine: fundi akikubali kufundishwa na mwenye kujua, chombo huwa rehema. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Cha tatu ni kile kifaa cha chuma ambacho daktari hutumia kumchunguza mwanamke kwa ndani. Aliyekipa umbo linalojulikana ni Mmarekani J. Marion Sims, ambaye kwa miaka mingi aliitwa baba wa utabibu wa wanawake. Lakini njia yake ilikuwa gani? Kati ya mwaka 1845 na 1849, katika mji wa Montgomery jimbo la Alabama, aliwapasua wanawake watumwa mara nyingi bila dawa ya kuwaondolea maumivu, akijaribu kutibu fistula, yaani lile jeraha la uzazi linalomfanya mama avuje mkojo bila kujizuia. Majina ya watatu tunayajua: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu ya Sims ilisimama katika bustani ya Central Park mjini New York hata Aprili 2018 ndipo ikaondolewa. Na mwaka 2021 msanii Michelle Browder alisimamisha Montgomery sanamu tatu kubwa za wale wanawake, amezitengeneza kwa vyuma vilivyotupwa, akawaita mama wa utabibu huo.

Sisi ambao babu zetu walijua biashara ya watumwa, wengine kama wauzaji na wengine kama wauzwao, habari hii haitupiti juu kwa juu. Kifaa kile kile ambacho leo chaokoa maisha ya mama katika zahanati ya Kilifi au Mpeketoni kina jasho na damu ya mwanamke mweusi aliyekuwa hana ruhusa ya kusema la. Makumbusho yakikiweka kifaa hicho juu ya kitambaa cheupe na kuandika jina la daktari tu, yatakuwa yamesema uongo bila kutamka neno la uongo.

STARA SI KIMYA

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo linalomkera msomaji wangu: stara.

Wasiwasi huo una haki, tena una ushahidi katika historia. Tangu mwaka 1903 hata 1943, kwenye uwanja wa michezo wa Coney Island huko New York, daktari aliyejiita Martin Couney aliwaweka watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia katika masanduku ya vioo yenye joto, na watu wakalipa senti 25 kuingia kuwatazama, jirani na bembea na mazingaombwe. Ukiisikia hivyo utatema mate. Lakini sikiliza upande wa pili. Wakati ule hospitali nyingi za Marekani hazikuwa na masanduku hayo, na watoto wa namna hiyo waliachwa wafe. Couney hakuwatoza wazazi chochote, kwani fedha za kiingilio ndizo zilizolipa wauguzi na maziwa, na maelfu ya watoto wakaishi. Ni rehema au ni fedheha? Mimi nasema ni vyote viwili, na fedheha ni ya ile jamii iliyokubali kulipia tamasha ikakataa kulipia hospitali.

Hilo jumba la Mütter lenyewe lajulikana duniani kwa mafuvu, mifupa na viungo vya binadamu vilivyohifadhiwa, wakiwemo watoto ambao hawakufika kuzaliwa. Tangu mwaka 2023 wenyewe kwa wenyewe wamekuwa wakibishana: watu hao walitoa idhini? Waonyeshwe vipi? Waislamu hatuhitaji kungojea ubishi huo uishe. Kwetu sisi mwili wa maiti una heshima kama wa aliye hai, nao haki yake ni kuoshwa, kukafiniwa na kuzikwa, na hata mimba iliyoharibika ikiwa imepata umbo la kiumbe huzikwa. Kwa hiyo nasema waziwazi: maonyesho ya uzazi yatakayofanywa kwetu yasiwe na kiumbe ndani ya chupa, wala picha ya mwanamke aliye uchi, wala sauti ya mwenye uchungu iliyonaswa bila yeye kujua. Hilo halina mjadala.

Lakini stara ni kitu kimoja na kimya ni kitu kingine. Stara humhifadhi mtu, na kimya chaweza kumuua. Nasema hivi nikiwa mtoto wa chuoni. Tulipokuwa wadogo wa miaka minane, tisa, tumekaa juu ya mkeka na misahafu juu ya marufaa, tulihifadhi Suratu Maryam. Humo mna khabari ya Bibi Maryam akishikwa na uchungu peke yake, akaegemea shina la mtende, akatamani angekuwa ameshakufa na kusahauliwa, kisha akapewa maji ya kunywa na tende za kula na kuambiwa asihuzunike. Mwalimu wetu alipotufikisha hapo hakuruka aya wala hakupunguza sauti. Na katika Suratu Luqman taabu ya mama kuchukua mimba na kunyonyesha imetajwa kuwa ni sababu ya mtoto kuwashukuru wazazi wake. Kitabu kimetaja uchungu, upweke, kiu na njaa ya mwenye kuzaa, tena mbele ya watoto wa kiume, na wala heshima haikuvunjika. Basi haya yetu ya kutotaja kabisa hatukuitoa humo.

LUGHA YETU NI MAKUMBUSHO

Tena ukitaka kujua kwamba wazee wetu walilipa jambo hili uzito, sikiliza lugha. Mwenye mimba twamwita mja mzito. Akizaa twasema amejifungua, kama mtu aliyekuwa katika kifungo akakifungua mwenyewe. Katika siku zile arobaini huitwa mzazi, na jina hilo hapo ni lake peke yake, hagawani na mume. Mtu akitaka kutaja kwao kwa asili husema ndiko kilikozikwa kitovu chake.

Na zaidi ya hayo ziko ada za harusi. Kijana anapoposa hutakiwa, mbali na mahari, kutoa kilemba cha baba, mkaja wa mama, na ubeleko. Wengi siku hizi huhesabu noti tu na kuziweka katika bahasha, wasijue wanalipia nini. Mkaja ni kile kitambaa alichofungwa mama tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni ile nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Maana yake ni kwamba, siku ya kumtoa binti, ukoo wa mume hukiri mbele ya watu kwamba bibi arusi huyu alizaliwa kwa maumivu na kubebwa kwa uzito, na kwamba deni hilo lina mwenyewe. Katika sheria na ada ngapi duniani utapata vitambaa viwili vya uzazi vimepandishwa daraja hiyo?

Huo ubeleko wenyewe una safari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, alikwenda Togo na kikosi cha Peace Corps. Akawaona akina mama wa huko wamefunga watoto migongoni, na watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto alitaka kumbeba vivyo hivyo, na kwa msaada wa mamake akashona mkoba wa kubebea uliokuja kuitwa Snugli, ukaandikishwa kisheria mwaka 1969 ukawa biashara kubwa. Sisemi aliiba, kwani mwenyewe hakuficha alikokipata. Nasema tu kwamba leso ya mama zetu ilikuwa ni ubunifu tangu zamani, na sisi hatukuiona hivyo mpaka iliposhonewa vifungo na kutiwa bei.

TUSIJIDANGANYE KWA SIFA

Hapa nataka msomaji asinielewe vibaya. Iko hatari kubwa kwamba maonyesho ya namna hii yakawa ni ya kusifu mambo ya kale tu: chetezo, udi, uji wa pilipili manga, mzazi akikandwa kwa maji moto, kombe la zafarani, na kila kitu kinanukia vizuri. Wageni watapiga picha na kwenda zao. Lakini chumba kile cha ndani kilitoa pia majeneza. Wakunga wetu walikuwa na ujuzi wa kweli wa mikono na wa maneno ya kutia moyo. Lakini damu ilipokataa kusimama, hawakuwa na cha kuizuia. Anayewapenda mabibi zake hawezi kulificha hilo.

Tazama hesabu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika kila watoto 100,000 waliozaliwa hai walikufa mama 355. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2014 ulionyesha watoto 61 katika kila 100 walizaliwa hospitalini au zahanati, na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 82. Hiyo ni hatua kubwa. Kwa dunia nzima Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 walikufa kiasi cha wanawake 260,000 kwa ajili ya mimba na uzazi. Wala mashine peke yake si dawa: mwaka huo huo Marekani, yenye kila chombo, ilipoteza mama 18.6 katika kila watoto 100,000, lakini kwa wanawake weusi hesabu ilikuwa 50.3. Chombo ni kimoja, wodi ni moja, na bado kuna anayesikilizwa na asiyesikilizwa.

Sisi tumefundishwa kwamba mwanamke anayekufa kwa uzazi huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Ni faraja kubwa, nami sina nia ya kuipunguza. Lakini faraja hiyo ni ya wafiwa, na si ruhusa kwa walio hai wakae wakitazama. Hakuna anayeacha kumwokoa mtu anayezama ati kwa kuwa aliyezama naye ni shahidi.

Na hapa ndipo naona kazi ya kweli ya maonyesho haya. Wataalamu husema mama hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kwanza uko ndani ya nyumba zetu. Mara ngapi mama ameambiwa angoje mumewe arudi baharini, au angoje shauri la mamamkwe, au asitoke usiku watu wataona? Wa pili waujua mtu wa Kizingitini au Kiwayu, ambaye njia yake ni maji, na maji yana bamvua na kusi. Wa tatu ni wa serikali, na lazima iulizwe.

LAITI NINGEULIZWA

Kama makumbusho yetu ya pwani yangetaka kufanya kazi hii, mimi ningetoa shauri la vyumba vinne: mimba, uchungu, siku saba, na arobaini. Mpango huo tunao tayari, hauhitaji mtaalamu wa kutoka nje. Katika kila chumba pangewekwa kitu cha nyumbani na kitu cha hospitali pamoja, bila kimoja kukicheka kingine.

Chumba cha uchungu kingekuwa na mwanasesere wa kufundishia. Huko Ufaransa katika karne ya 18 mkunga Angélique du Coudray, aliyepewa idhini ya mfalme mwaka 1759, alizunguka nchi nzima akifundisha maelfu ya wanawake kazi ya ukunga kwa mwili wa mfano aliouunda kwa vitambaa na ngozi. Mmoja umebaki, uko katika makumbusho ya mji wa Rouen. Kumbe basi mtu aweza kufundisha kila kitu cha uzazi kwa pamba na uzi, asimvue nguo mwanamke yeyote. Mafundi wetu wa kushona wangeifanya kazi hiyo kwa ustadi.

Ukutani ningeweka ramani ya njia ya mama kutoka visiwa vya Lamu hadi kwenye chumba cha upasuaji, pamoja na saa za maji kujaa na kupwa, nauli ya mashua, na masafa ya gari, ili mtazamaji ahesabu mwenyewe ni lini mama huyo angechelewa.

Na katika chumba cha arobaini ningeweka vitu viwili ndani ya kabati moja. Cha kwanza ni mkaja. Cha pili ni karatasi ya plastiki yenye mfuko uliotiwa mistari, ambayo hutandikwa chini ya mama mara tu anapojifungua ili ipime damu inayotoka, badala ya kukisia kwa macho. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 200,000. Palipotumika mfuko huo na kutolewa matibabu yote kwa pamoja bila kungoja, hatari ya kutoka damu kwa kiasi cha kutisha ilipungua kwa kiasi cha 60 katika mia. Si mashine ya mamilioni. Ni plastiki na mistari, na watu waliokubaliana kwamba mstari ukifikiwa hapana kusubiri. Mabibi zetu walifunga mkaja kwa sababu walijua hatari ya mzazi haikwisha kwa mtoto kulia. Hao wenye mfuko wanajua jambo lile lile, ila wao wamepata namna ya kulipima.

Watakaoongoza kazi hii wawe wanawake. Huko Philadelphia watayarishaji walishirikisha Maternity Care Coalition, shirika lililoanza mwaka 1980 na linalowatembelea akina mama wenye mimba na wenye watoto wachanga, na watu wake wakawa na sauti katika kazi. Kwetu waitwe wakunga wazee, wauguzi wa wodi za wazazi, na akina mama wenyewe, nao walipwe kwa ujuzi wao kama alipwavyo mtaalamu mwingine. Katika kaunti kadhaa wakunga wa jadi wamekwisha kugeuzwa kuwa wasindikizaji wa kuwafikisha mama hospitalini. Basi wasiitwe kwenye makumbusho kama mabaki, waitwe kama watu walio kazini. Na kitu cha mtu kisichukuliwe bila idhini yake, wala hirizi isifunguliwe ili watalii wasome ndani.

Ziwepo siku za wanawake peke yao, ili aulizaye aulize bila haya. Lakini ziwepo pia siku za wanaume, na hilo nalisisitiza. Wako watakaosema uzazi si mambo ya wanaume, na kwamba hata mimi ninayeandika nimevuka mpaka. Nawajibu hivi: funguo za gari ni za nani? Pesa za mashua anazo nani? Anayesema "ngojeni kwanza hata asubuhi" aghalabu ni nani? Maadamu ruhusa iko mikononi mwa mwanamume, basi elimu nayo ni juu yake.

Na tusingoje jumba lijengwe. Wakunga wazee wanakwenda mmoja mmoja, na kila anayezikwa huzikwa na maneno yake. Mwenye bibi aliye hai na amuulize leo: alizalia wapi, nani alimshika mgongo, alifungwa mkaja wa nguo gani, alipoteza watoto wangapi, na alimwogopa nani asimwambie anaumwa. Majibu hayo yaandikwe kwa idhini yake, na mkaja wenyewe ukipatikana usifanywe kitambaa cha kupangusia meza. Vijana wanaojiandaa kuoa nao wakiambiwa watoe ada ya mkaja, wamwombe mama wa bibi arusi awaeleze ulikuwa wa nini, kabla hawajatia noti katika bahasha.